Baada ya Kisu, Mgonjwa ni wa Nani?

Liko neno moja nililolisikia katika matanga mara nyingi mno, hapa Bunia na katika vijiji vya kandokando. Watu wamekaa chini ya hema, akina mama wanalia, na mzee wa jamaa anasimama kueleza jinsi marehemu alivyofariki. Anaeleza siku maumivu yalipoanza, anaeleza pikipiki iliyomchukua, anaeleza fedha walizochanga, kisha anasema: "Waganga walimpasua vizuri, upasuaji ulifaulu. Lakini siku ya nne Mungu akamchukua." Na watu wote wanaitikia kwa vichwa. Hakuna anayeuliza: kati ya siku ya kwanza na siku ya nne, ni nani aliyekuwa akimwangalia?

Leo nauliza mimi, tena kwa sauti. Yawezekanaje upasuaji kufaulu, na aliyepasuliwa akafa? Fundi akikuambia ya kwamba nyumba yako aliijenga vizuri sana, ila imeanguka, utamlipa? Neno lile la matangani si imani. Ni uvivu uliovikwa kanzu ya imani, na kumsingizia Mungu makosa yetu ni jambo ambalo katekista hana ruhusa ya kulinyamazia.

Nitaeleza yaliyonipata mwenyewe. Sitaitaja hospitali wala jina la mtu, maana sitafuti kisasi.

Mwaka 2022 baba yangu mdogo, mkulima wa miaka 58, alishikwa na ngiri iliyokaba. Utumbo ulikuwa umeanza kuoza. Mganga mpasuaji, kijana hodari, alimpasua usiku ule ule, jenereta ikinguruma dirishani. Alikata sehemu iliyooza, akaunga, akafunga. Kazi njema kabisa, nami nitamshukuru mpaka kufa kwangu. Asubuhi tulimletea jogoo, akakataa, tukamlazimisha. Lakini baba mdogo alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu miaka sita, na dawa zake alikuwa akizipata katika jengo la magonjwa ya ndani la hospitali ile ile, hatua hamsini kutoka kitanda alicholazwa. Nilizihesabu hatua hizo baadaye. Kwa siku tatu hakuna mtu aliyezivuka kwa ajili yake. Karatasi zake za sukari zilikaa kule, karatasi za upasuaji zikakaa huku.

Siku ya pili akaanza kuwa na kiu isiyokatika. Siku ya tatu jioni akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima, na maneno yake yakaanza kuchanganyika. Aliniita kwa jina la marehemu baba yangu. Nikamwita muuguzi wa zamu. Akaja, akainua bandeji, akasema kidonda ni kizuri. Nikamwambia, "Ndugu, sikuulizi habari za kidonda, nakuuliza habari za mtu." Akajaribu kumpigia simu mpasuaji, lakini huyo alikuwa tena katika chumba cha kupasulia, na mama aliyekuwa akitokwa damu. Basi nikaenda mwenyewe kwenye jengo la pili. Mganga wa zamu niliyemkuta hakuwa mtu mbaya. Alinijibu kwa heshima: "Papa katekista, huyo ni mgonjwa wa upasuaji. Siwezi kumgusa bila mwenzangu kuniandikia. Akiniandikia, nitakuja mara moja."

Karatasi iliandikwa saa kumi na moja alfajiri. Baba mdogo alikuwa amekwisha kukata roho saa tisa.

Ni nani aliyekosa? Mpasuaji alifanya kazi yake, na yule mama aliyekuwa akitokwa damu alipona. Mganga wa pili alishika utaratibu. Muuguzi alitazama bandeji kama alivyofundishwa. Kila mmoja hana hatia mbele ya kitabu cha hospitali. Hapo ndipo inapotoka hasira yangu, kwa sababu namtafuta mkosaji wala simpati. Utaratibu ambao watu wema wote wanaushika na mgonjwa anakufa, basi utaratibu huo wenyewe ndio mkosaji, nao sharti ubadilishwe.

Hospitali kuu ya kila zone ya afya katika nchi yetu imepangwa iwe na sehemu nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi, na watoto. Mpango huo unafaa kwa kugawa kazi. Lakini mtu hawezi kugawanywa hivyo. Katika seminari tulifundishwa na Mtakatifu Tomaso ya kwamba mtu ni mmoja. Tulikariri somo hilo mpaka tukalichoka. Sasa naona ya kuwa lilikuwa somo la hospitali pia. Tumbo la baba mdogo lilikuwa na mganga. Sukari yake ilikuwa na mganga. Yeye mwenyewe hakuwa na mganga.

Wala msidhani ya kwamba ni jambo la hospitali moja. Mwaka 2016 waganga wa nchi 25 za Afrika walishirikiana kuhesabu watu waliopasuliwa katika hospitali zao kwa muda wa siku saba, na habari zao zikatangazwa mwaka 2018. Wagonjwa walikuwa 11,422, wengi wao vijana, umri wa katikati ukiwa kama miaka 38. Karibu mmoja katika kila watano alipata matatizo baada ya kupasuliwa. Walikufa 239, na kwa kuwalinganisha na hesabu ya dunia nzima, Mwafrika aliyepasuliwa alikuwa katika hatari ya kufa mara mbili. Sasa sikieni neno lenyewe: katika hao 239, wafu 225 walikufa baada ya siku ile ya kupasuliwa kupita. Hawakufia chini ya kisu. Walifia kitandani, katika siku zile ambazo sisi ndugu zao tulikuwa tumekwisha kupiga simu nyumbani kusema, "Ametoka salama, mshukuruni Mungu."

Siku hizo kuna nini? Aliyepasuliwa tumbo anaogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu. Makohozi yanakaa katika mapafu, na homa ya mapafu inaingia. Miguu isiyotembezwa inagandisha damu, na bonge la damu linaweza kupanda hata mapafuni na kumwua mtu ghafula, akiwa anazungumza na mkewe. Serumu ikiwa kidogo mno, figo zinakauka; ikiwa nyingi mno kwa mzee mwenye moyo dhaifu, anazama katika maji ya mwili wake mwenyewe. Sukari inapanda, kwa kuwa mwili uliojeruhiwa unaipandisha, na aliyezoea dawa zake ameambiwa asile kitu, wala hakuna anayejua ni lini azirudie. Tansio inapanda au inaanguka. Vijidudu vinaingia katika damu kabla kidonda hakijaonyesha usaha. Hayo yote si kazi ya kisu. Ni kazi ya mganga wa magonjwa ya ndani, ndiyo aliyoisomea. Basi tunamwacha amekaa hatua hamsini mbali, akingoja karatasi!

Wengine watasema: dawa yake ni kumlinda mgonjwa vizuri zaidi. Sawa, lakini jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Waganga wale wale wa Afrika walifanya jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2021. Katika hospitali zilizochaguliwa, mgonjwa mwenye hatari kubwa aliwekwa kitanda kinachoonekana na wauguzi, akapimwa mara nyingi zaidi, ndugu zake wakaruhusiwa kukaa naye, na karatasi ya maagizo ikawekwa kando ya kitanda. Ni mambo mema yote. Walakini vifo havikupungua. Nilipoambiwa habari hiyo na rafiki yangu mwuguzi nilikaa kimya muda mrefu, maana nilikumbuka usiku wangu. Mimi nililinda. Mimi niliona. Niliona saa mbili usiku kila kitu ambacho karatasi ilikuja kueleza saa kumi na moja. Jicho linaona, lakini jicho halitibu. Kama hakuna mganga aliyekwisha kuagizwa kuja, mlinzi anabaki kuwa shahidi wa kifo tu.

Wamarekani nao waliona jambo la namna hiyo. Mwaka 2009 ilitangazwa hesabu ya hospitali zao, zile zenye vifo vingi baada ya upasuaji zikilinganishwa na zenye vifo vichache. Mngedhani ya kwamba zenye vifo vichache zilikuwa na matatizo machache. La. Matatizo yalikuwa karibu sawa, 24.6 kwa mia na 26.9 kwa mia. Lakini vifo vilikuwa 3.5 kwa mia upande mmoja na 6.9 upande wa pili. Shida iliwafikia wagonjwa wa pande zote. Tofauti ilikuja shida ilipokwisha kufika, kwa kuwa upande mmoja waliopatwa nayo waliokolewa zaidi.

Tena huko Uingereza, katika mji wa Hastings, miaka ya 1960, mpasuaji wa mifupa aitwaye Michael Devas na mganga wa wazee aitwaye Irvine walikubaliana kuwatunza pamoja wazee waliovunjika nyonga, kwa kuwa waliona ya kwamba mfupa unaungwa vizuri na bibi anakufa. Wengine walichelewa sana kuwafuata. Lakini tangu mwaka 2010 serikali ya huko ilianza kuzilipa zaidi hospitali ambazo mpasuaji na mganga wa wazee wanamshika pamoja mgonjwa wa namna hiyo. Kati ya mwaka 2007, walipoanza kuandikisha wagonjwa hao wote na kuhimiza kazi hiyo, na mwaka 2011, waliokufa katika siku 30 walipungua kutoka 10.9 kwa mia mpaka 8.5. Sisemi ni kwa sababu ya jambo hilo peke yake. Waliharakisha kupasua pia. Lakini wazee wawili katika kila mia, nyumba kwa nyumba, si kitu kidogo kwa mwenye bibi.

Najua majibu nitakayoletewa.

La kwanza: waganga ni wachache. Ni kweli, nami sina neno la kuwadharau wapasuaji wetu. Tangu vita vya Djugu na Irumu, na hata baada ya serikali kutangaza hali ya kuzingirwa mwezi wa Mei 2021, wanaletewa Bunia watoto waliokatwa panga na akina mama waliopigwa risasi, nao wanasimama usiku kucha miguu ikivimba. Hesabu ile ya mwaka 2018 ilionyesha ya kwamba katika nchi zile wapasuaji, waganga wa uzazi na waganga wa usingizi, wote pamoja, hawafiki hata mmoja kwa kila watu 100,000. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nasema: mtu aliyechoka namna hii, mnampaje peke yake na kisu na sukari na moyo na figo za wagonjwa thelathini? Uchache ndio unaotaka watu washirikiane. Tena tazameni kioja hiki. Katika hospitali ndogo za pembeni, mganga mmoja ndiye anayefanya yote. Aliyempasua mama Jumatatu ndiye anayempima tansio Jumanne, naye anamjua mpaka shamba lake. Amechoka, vyombo hana, lakini mgonjwa wake ni mmoja. Ni huku mjini, tulikopata waganga wa kila aina, ndiko mgonjwa anakoanguka katikati yao. Tumepata waganga zaidi, tukapata na ukuta.

La pili watasema kama methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, nami naiogopa. Mganga mmoja aongeze serumu, mwingine aipunguze, na muuguzi amtii yupi? Lakini nendeni Kasenyi mkatazame wavuvi wa ziwa. Mmoja ameshika kasia la nyuma, mwingine anachota maji yanayoingia. Hakuna anayesema mtumbwi una manahodha wawili. Ungezama kama mchota maji angengoja barua kutoka kwa mwenye kasia. Kidonda, mshono, na neno la kurudi au kutorudi mezani, hayo ni ya mpasuaji. Sukari, tansio, mapafu, figo, hayo ni ya mwenzake. Penye shaka wasimame wawili kando ya kitanda wazungumze, dakika tano.

Kuhusu heshima sitasema mengi. Wapo wapasuaji wanaoona ya kwamba kumwita mwenzao ni kukiri kushindwa, na wapo waganga wa ndani wanaoona ya kwamba kuingia jengo la upasuaji ni kwenda kufagia uchafu wa mwingine. Hao waende kuungama.

Fedha, ndiyo, ni jambo zito. Mganga wa pili akija, malipo ya pili yanaandikwa, na jamaa wanajua nini kinampata asiyeweza kulipa: anapona, kisha anazuiliwa palepale hospitalini mpaka ndugu wauze mbuzi. Ndiyo maana wengine kati yetu tunakataa mganga wa pili tunapoulizwa. Basi malipo yawe mamoja, yasemwe kabla ya kupasua, na waganga wote wawili wawe ndani yake. Kamati za afya zinaweza kulipanga hilo na wakubwa wa hospitali, na katika kamati hizo wamo Wakristu wa parokia zetu wanaokaa kimya kama sanamu.

Tena aibu itushike kwa ajili ya Nyankunde, si mbali na hapa. Miaka ya 1960 misioni kadhaa za Kiprotestanti, kila moja ikiwa na desturi zake na fahari yake, zilikubali kuwaweka waganga wao pamoja katika hospitali moja. Hospitali hiyo ikajulikana mashariki yote ya Kongo, mpaka tarehe 5 Septemba 2002 iliposhambuliwa na wagonjwa wakauawa hata vitandani mwao. Na baadaye ikasimamishwa tena. Watu wa madhehebu mbalimbali waliweza kushirikiana hospitali nzima. Na waganga wawili wa hospitali moja, wanaolipwa dirisha moja, wasiweze kushirikiana mgonjwa mmoja?

Nasi wahubiri tusijitoe. Injili ya Msamaria tunaihubiri nusu. Tunasifu mafuta na divai na vitambaa vya kufungia vidonda, kisha tunafunga kitabu. Lakini yule Msamaria baada ya kumfunga majeraha alimpeleka mtu yule katika nyumba ya wageni, akamwuguza usiku ule. Na kesho yake hakuondoka kimya. Alimwita mwenye nyumba, akamkabidhi mgonjwa kwa maneno, akaacha dinari mbili, akasema ya kwamba atarudi. Angalieni jinsi mambo yalivyo wazi: aliyepokea anajua ya kuwa amepokea, malipo yamekwisha kusemwa, na aliyekabidhi hakumtupa mgonjwa kwa sababu mwingine amempokea. Kama Msamaria angalimwacha mlangoni na kwenda zake, akidhani mwenye nyumba atamwona, sidhani kama mfano huo ungalisimuliwa.

Jambo tunalolitaka halihitaji jengo jipya wala mashine kutoka Ulaya. Kabla ya upasuaji mkubwa usio wa haraka, mganga wa magonjwa ya ndani amwone mgonjwa, asingoje kuitwa anapokata roho. Tulikuwa tukifanya hivyo hivyo na Mpako wa wagonjwa: tulimwita padri mgonjwa akiwa hasemi tena, ingawa Papa Paulo wa Sita alikwisha kueleza mwaka 1972 ya kwamba sakramenti hiyo si ya dakika ya mwisho tu. Mazoea ya kuchelewa ni yale yale. Juu ya kitanda yaandikwe majina mawili, la mpasuaji na la mganga wa ndani, na chini yake jina la atakayeitwa usiku. Asubuhi wapite pamoja. Muuguzi apewe ruhusa, iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mkubwa wa hospitali, ya kumwita yeyote kati ya hao wawili bila kungoja karatasi, wala asigombezwe akimwamsha bure. Na aliyepasuliwa kwa haraka usiku aonekane na mganga wa pili asubuhi ile ile, hata kama hakuna aliyelalamika.

Na sisi ndugu tunaolala chini ya vitanda tuwe na masharti yetu pia. Tuseme magonjwa yote ya mgonjwa, tusifiche sukari wala dawa za miti shamba alizokunywa kijijini. Nimemwona mama mmoja akimnywesha mumewe chai ya maziwa chini ya shuka siku ya kwanza, ati anamwonea huruma. Tumkohoze, tumtembeze akiruhusiwa, na tuulize majina mawili kabla ya kutia kidole katika karatasi ya kukubali kisu. Kuuliza si kumtukana mganga. Mpasuaji aliyempasua baba mdogo nilikutana naye mwaka jana, tukaongea wima kando ya barabara. Aliniambia ya kwamba usiku ule naye aliuliza, siku tatu kabla, kama mgonjwa ana ugonjwa mwingine. Mtoto mmoja wa ndugu yetu akajibu hapana, kwa kuogopa kwamba hawatampasua. Sikulijua jambo hilo. Naliandika kwa sababu nimewashtaki wengine katika ukurasa huu, na jamaa yangu nao wamo.

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, atapasuliwa mwezi huu. Ana uvimbe tumboni, na tansio ya miaka mingi. Jumatatu nilikwenda hospitali kuuliza majina mawili. La kwanza nilipewa mlangoni, hata kabla sijamaliza swali. La pili nimeambiwa nirudi Alhamisi.